Kompyuta ya Tatu ya Bi Nuksi

Jina la Bi Nuksi alipewa na dada yake wa tumbo moja, ndiyo maana lilimchoma. Lingesemwa na mtu baki, angelimeza yakaisha. Yeye ni mdarizi: anachora nembo za sare kwenye kompyuta, mashine inazitia nyuzi. Kazi anaiweza, tena haswa. Lakini kompyuta mbili zilikuwa zimemfia mikononi, na dada mtu, mwenye duka, akamwambia mbele za wateja: "Ya tatu ikifa, unarudi kwenye vifungo."

Vifungo! Mtu aliyemdarizi twiga mpaka kope zikaonekana, leo arudishwe kushona vifungo. Hasira alikuwa nazo, ila akazikalia. Kila akimaliza kazi alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaifunika kitambaa. Na hata zile mbili alikuwa akizilaza vivyo hivyo, bado zikaungua. Mzembe akilaumiwa ni haki yake, yeye je?

Mchana mmoja dada akaona vumbi limezidi. "Ichomoe niisafishe." Ikachomolewa. Dada akafungua ubavu wa kompyuta, akaingiza mkono wenye bisibisi. Mle ndani kijitaa cha kijani kilikuwa kinawaka, na feni ikajitikisa.

"Dada, toa mkono."

"Si umechomoa?"

"Waya huu hapa, nimeushika. Toa mkono kwanza."

Dada akautoa polepole. Bisibisi ile ingegusa pabaya, kompyuta ingekufa palepale, na lawama zingejua pa kwenda.

"Hii ina shetani," dada akanong'ona.

"Shetani gani anatumia waya?" Bi Nuksi akapiga magoti chini ya meza. Akachomoa waya wa skrini, taa bado inawaka. Akachomoa spika, bado. Akafika kwenye kile kidude cha matundu mengi ya USB, kinachounganisha kipanya, printa na mashine ya kudarizi, chenye adapta yake kwenye soketi nyingine. Akakitenganisha na kompyuta. Taa ikazimika. Akakirudisha, ikawaka.

Kumbe kidude badala ya kugawia vifaa umeme tu, kilikuwa kinausukuma kinyumenyume hadi ndani ya kompyuta iliyozimwa, usiku kucha, huku mwenyewe akijua ameilaza salama. Fundi wa kompyuta alipokuja alikipima, akatikisa kichwa. "Hakina kizuizi cha umeme kurudi. Hizo mbili kimeziua hiki."

"Kwani kidude hiki alikinunua nani?" Bi Nuksi akauliza, na jibu analijua. Dada alikiokota barabarani kwa bei ya kutupa, akajisifu wiki nzima.

"Kikulacho..."

"Usimalizie, mdogo wangu."

Asubuhi wateja walewale wakaja kuchukua sare. Dada akasimama katikati ya duka, akajikohoza. "Nilimwita mdogo wangu Bi Nuksi mbele yenu. Nuksi niliinunua mimi, nikaileta kwa mkono wangu." Halafu akavuta kigoda cha pembeni, akaketi, akatunga uzi kwenye sindano.

Mdarizi akawasha kompyuta ya tatu, akamsogezea bakuli la vifungo.