Mstari wa Ugali Mweupe

Kosa langu la kwanza nikiwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima nililiandika mwenyewe ubaoni, kwa mwandiko mzuri: Ugali mweupe ni chakula bora. Akina mama waliunakili mstari huo asubuhi nzima.

Hakuna aliyenituma. Kijitabu nilichokuwa nacho kilisema tu "chakula bora", bila kueleza ni kipi. Mimi niliyejifunza mengi peke yangu baada ya darasa la nne nikaliziba pengo hilo kwa yale niliyoyaona Singida mjini: watu wa ofisini walikula sembe na kunywa chai ya sukari. Ugali wa uwele ulikuwa wa kwetu, wa kijivu, kwa hiyo nikaona hauwezi kuwa bora.

Na kwa kuwa simvumilii mwalimu asiyefuata anachofundisha, nikaufuata mstari wangu. Madebe ya uwele aliyoniletea mama kutoka Ilongero niliyabadilisha kwa sembe na sukari. Asubuhi chai ya rangi, mchana ugali mweupe nikiuteremsha kwa chai ileile, jioni hivyo hivyo. Mlenda, mboga yetu ya utelezi, niliuacha kwa sababu ulinichafulia vidole, na vidole vikachafua madaftari.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa mtu mwingine. Ikifika saa nne asubuhi mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio kama nimeiba. Nikilala sipati usingizi, nikiamka naona siku imekwisha kabla haijaanza. Herufi moja ikipinda nafuta ubao wote. Siku moja chaki ilinikatikia mkononi, nikalia mbele ya wanafunzi wenye umri wa mama yangu.

Ng'ambo ya uwanja wa mpira kulikuwa na darasa la mwenzangu, kijana wa rika langu, tuliyehamia naye katika kijiji cha ujamaa mwaka uleule. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Lakini alicheka. Nilimwonea wivu kicheko hicho kuliko nilivyowahi kumwonea mtu ng'ombe zake. Nilimwonea wivu mashavu yake, usingizi wake, hata miayo yake. Wanafunzi wangu walianza kuvuka uwanja mmoja mmoja kwenda kwake, na mwenyekiti wa kijiji alikwisha sema kwamba darasa litakalobaki na watu chini ya watano litafungwa, mwalimu arudi shambani. Nilibaki na watano kamili. Nikajiambia yule ana dawa. Ndiyo, niliamini hivyo, mimi niliyekuwa nikiwakataza wengine ushirikina.

Mchana mmoja nikaenda kwake kwa kisingizio cha kuazima chaki. Nilitaka kuiona hiyo dawa.

Niliwakuta wamekaa chini, yeye na wanafunzi, wakila kwa pamoja vitu walivyoleta kutoka makwao: ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Karibu, mwalimu wa weupe!" akasema mwenzangu. Wote wakacheka. Masikio yakaniwaka moto.

Kati yao alikuwamo mama mzee aliyekuwa wa kwanza kunihama. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Unakula nini huko kwako?"

"Sembe."

"Na mboga?"

"Chai."

"Chai mboga!" Akapiga makofi. "Ndiyo maana unaililia chaki!"

Nikamuuliza, sauti ikinitoka vibaya, kama alinihama kwa ajili ya kicheko cha huyu.

Akaacha kucheka. "Kicheko? Huyu hata kuandika hajui vizuri. Wewe ulituandikisha ule mstari. Nikarudi nyumbani, nikashika mwiko, nikaona haya mbele ya wajukuu. Wote nimewalea kwa uwele. Ningerudije kwako kuandika kwamba nimewalisha kitu kibaya?"

Mwenzangu akanisogezea maji ya kunawa. Nilikula mpaka nikajionea aibu, na hata nikitafuna nilimwonea wivu kwamba yeye hula hivi kila siku, na watu.

Kesho yake nilimwomba yule mama aje aandike mstari mwingine ubaoni kwangu. Alikuja na wenzake wawili. Akaandika polepole, herufi zikipanda na kushuka: Uwele umetulea. Vidole vyangu vilitamani kuzinyoosha. Sikufuta.

Mganga wa zahanati aliniambia kwamba mwili unaoshindia chai na unga mtupu unaweza kuitia akili giza, ila hakuniahidi kwamba chakula peke yake kitaniponya. Mimi pia sijui. Huenda ni uwele, huenda ni kula na watu.

Darasa halikufungwa. Siku hizi nakula uwele na mlenda, mikono imetulia, na usingizi umerudi. Mwenzangu bado namwonea wivu, lakini sasa namwambia.