Nani Alikutuma Useme Ouma Amekufa?

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na sidhani itanitoka hata nikizeeka. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Busia, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda, na simu yangu haikuwa na faida yoyote. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imeshika mtandao wa upande wa pili, kama kawaida yake ukikaribia mpaka, ikanikaribisha Uganda huku miguu yangu iko Kenya. Asubuhi hiyo baba yako, kaka yangu Ouma, alikuwa amefariki hospitalini. Na mama yangu, kukhu yako, alikuwa sokoni Khunyangu akiuza mboga za mrenda, hajui lolote.

Nakuita mwanangu, nawe cheka ukitaka. Mimi ni shangazi yako mdogo, nimetoka chuo kikuu juzi tu na kazi bado natafuta, lakini mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Na leo nina hasira nawe. Wiki hii ulinionyesha video ya ajali ya bodaboda kule Malaba, umejaa furaha, ukaniambia, kwa lile neno letu la shangazi, "Senge, mimi ndio nilikuwa wa kwanza kuiweka!" Ulingoja nikupongeze. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitakutukana. Tangu hapo nimelala nikiifikiria na kuamka nikiifikiria. Naona ule mguu uliotokeza chini ya gari, na ndara ya bluu. Najiuliza mama wa yule kijana aliyekufa aliiona ndara hiyo akiwa wapi. Alikuwa jikoni? Nani alikuwa karibu naye?

Kwetu habari ya kifo hutumiwa watu. Mzee wa ukoo anachagua wa kwenda, na hawaendi mikono mitupu. Wakifika hawasemi. Wanamuuliza mama kama amekula, na kama hajala wanahakikisha amekula, maana akishaambiwa chakula hakitapita tena kooni. Wanaketi pande zake zote mbili. Ndipo mmoja anasema. Zamani niliona huo ni mchezo wa kuigiza, watu kuzungukazunguka jambo linaloweza kusemwa kwa neno moja. Sasa najua kwamba wale wa kando wameketi pale ili mtu asianguke peke yake.

Basi baba mkubwa, kaka wa baba yangu na mzee wa ukoo wetu, alituchagua mimi na mke wake. "Nendeni nyinyi wawili," aliniambia. "Msipige simu. Mama Ouma asikie kwa mdomo wa mtu." Lakini mama mkubwa alikuwa amevuka ng'ambo kununua nguo za kuuza, ikabidi nimngoje pale mpakani. Nilipokuwa nikingoja nilifikiria mengi. Nimpigie jirani amrudishe mama nyumbani? Akiniuliza kwa nini, sauti yangu itamjibu. Nimpigie mama mwenyewe nimwambie kuna wageni? Mama yangu hadanganyiki. Na hata hivyo simu ilikuwa Uganda.

Mama mkubwa alipofika tulikodi gari. Tulipokaribia Bumala simu ikarudi Kenya, na ujumbe ukaanza kumiminika. Wa kwanza ulikuwa picha ya baba yako, amevaa lile shati la harusi, mishumaa imechorwa pembeni. "Lala salama, broo." Aliyeiweka ni Felix, mtoto wa dada ya mama. Chini yake nyuso za kulia zilikuwa zimejipanga hadi nikachoka kusogeza kidole.

Nilimpigia papo hapo.

"Felix, toa hiyo picha!"

"Aah, sista, si kila mtu ashajua?"

"Mama hajajua!"

Aliitoa. Lakini kitu hicho ukikimwaga hakizoleki, wakati huo kilikuwa kimefika kwenye simu za Butula nzima.

Yaliyotokea sokoni nilisimuliwa na wanawake wa pale. Mama alikuwa akibishana na mteja, anamtania, "Mrenda huu unautaka bure, mimi ni shamba lako?" Muuza dagaa wa omena wa meza ya pili akainua macho kutoka kwenye simu yake.

"Woi, Mama Ouma, pole sana!"

"Pole ya nini? Huyu ndiye wa kupewa pole, hana pesa."

Watu walicheka, mwanangu. Mama pia alicheka. Kisha yule mwanamke, maskini, akamgeuzia simu aone.

Tulimkuta ameketi chini, mrenda umemwagika, leso imemtoka kiunoni. Watu walikuwa wamemzunguka, na kati yao wawili walikuwa wameinua simu wakimrekodi. Nilimfunika mama kwa leso yangu. Yale niliyowaambia wale wawili sitayaandika hapa, na sijayajutia.

Felix alikuja matangani akapiga magoti mbele ya mama. Nilidhani atamlilia, kisha mambo yaishe kwa machozi kama yanavyoishaga. Mama hakulia.

"Nani alikutuma?" alimuuliza.

"Hakuna, mama. Nilitaka tu watu wajue."

"Watu gani? Mimi si mtu?"

Mama aliendelea.

"Ulikuwa na haraka ya nini? Ouma alikuwa anaenda wapi tena? Hadi watu wangu wafike, mwanangu alikuwa bado mzima kwangu. Saa hiyo ilikuwa yangu. Wewe umeila."

Wazee walimwombea msamaha, na mama alimsamehe kwa mdomo. Hadi leo Felix akiingia pale nyumbani anapewa chai, lakini hapewi habari.

Usiniambie nachukia simu. Ni kwa simu madereva wenzake walitafuta gari la kumkimbiza baba yako hospitalini alipoanguka kwenye foleni ya malori. Shangazi yako wa Kampala, ambaye mimba ilimkatalia kusafiri, alifuata mazishi kwa simu, na mama mwenyewe ndiye aliyesema simu hiyo ishikwe juu ili aone vizuri. Sauti ya baba yako akilalamikia ushuru na jua la Malaba bado imo kwenye simu ya kukhu, na huwa anaifungua akiwa peke yake.

Nawe je? Ulikuwa bwenini, na shule yenu ilikataza simu hadi mkaiita jela. Mwalimu alikuita ofisini ukamkuta baba mkubwa. Ukapewa chai na mkate, ukala. Uliambiwa umeshikwa mkono. Kama simu ingekuwa mfukoni mwako siku hiyo, ungemwona baba yako kati ya mishumaa ya Felix, ukiwa kwenye foleni ya bafu.

Kwa hiyo sikiliza. Ukikuta mtu ameumia, simu yako ni ya kuita msaada. Ukikuta amekufa, ifunge. Kabla hujasema habari ya kifo, jiulize ni nani amekutuma, na kama hujatumwa, nyamaza hata kama unaijua peke yako dunia nzima. Kuwa wa kwanza si kazi yako. Futa ile video leo, nikiwa naangalia. Jumamosi tutakwenda wote Malaba kuuliza matanga ya yule kijana yako wapi, na utaketi pale na wamama, utachota maji, na simu itabaki kwangu.

Mungu akujalie ulimi mzito kwenye msiba wa wenzako. Akupe miguu ya kufika mahali ambapo wengine wanatuma picha tu. Na siku habari mbaya itakapokutafuta wewe, kwa sababu itakutafuta, ije na watu wako.