Boksi Lililobaki kwa Mama Mizani

Watu wa kijiji chetu, huku juu ya Endasak, wanasema Restituta ndiye aliyemuua mtoto wa Natalia. Wanasema kwa sauti ya chini na kwa adabu, maana huku kwetu mabaya yote husemwa kwa adabu. Mimi nimefagia zahanati na kupanga foleni ya kina mama kwa miaka kumi na miwili. Nilikuwepo. Sitaki mtu aliyekuwa shambani kwake anapalilia maharage aje anieleze mimi kilichotokea.

Restituta alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa kujitolea. Kujitolea maana yake unapanda na kushuka vilima kwa miguu, na mwisho wa mwezi unapewa asante. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Tadei, akazaa watoto watatu. Sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Mizani ya kuning'iniza watoto aliibeba begani nyumba hadi nyumba, ndiyo maana tukamwita Mama Mizani. Hakulipenda jina hilo, ila aliitika. Akiingia kwako alitazama sufuria kwanza, halafu mtoto, halafu wewe. Nilishamwambia usoni kwamba ana kiherehere. Akanijibu kwamba kiherehere chake kinapimwa kwa kilo, changu ni umbea mtupu.

Mwaka ule mahindi yalikaukia shambani yakiwa usawa wa goti. Manyara ilikuwa imeshakuwa mkoa, ofisi zimejaa Babati, lakini gari la wilaya lilitufikia mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Ndilo lililoleta chakula dawa: pakiti ndogo za karanga iliyosagwa pamoja na maziwa, sukari na mafuta. Unakata kona, mtoto ananyonya. Stoo ya zahanati ilikuwa na panya, basi Nesi Judica, mwenyeji wa Kilimanjaro, akaamua boksi likae nyumbani kwa Restituta, kwenye kabati lenye kufuli. Sote tuliona ni busara.

Yonas wa Natalia alikuwa na miezi kumi na minne na kilo sita kamili. Utepe wa kupimia mkono ulionyesha nyekundu. Baba yake, Nicodemo, alikuwa ameenda mbali kutafuta vibarua, na Natalia alibaki na watoto watano. Kwa kuwa Yonas bado alikuwa na hamu ya kula, Nesi alisema atibiwe nyumbani, pakiti mbili kwa siku. Restituta hakuziacha pale zimtibu zenyewe. Alikwenda kila asubuhi na kila jioni, akakaa kwenye kigoda, akamlisha kwa mkono wake mpaka pakiti ikaisha. Alijua kwamba kwetu mtoto hali peke yake huku wenzake wanamtazama. Angeiacha pakiti mezani, ingegawanywa kwenye midomo mitano, na Natalia angeona ametenda haki.

Wiki ya tatu Yonas alifika kilo sita na nusu. Nilipomtoa kwenye mizani alinishika pua akacheka, na kina mama wote kwenye foleni wakacheka naye. Natalia alifunika mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka. Nilifurahi siku ile, sitadanganya.

Wakati huo Restituta mwenyewe alikuwa mjamzito. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, tukamtania kwamba amezaa mpaka mizani imechoka. Mimba ilipofika miezi sita ikaharibika. Tadei alizika nyuma ya nyumba.

Sasa wewe usiye wa huku utauliza, hilo linahusiana nini na chakula dawa. Kwetu Wairaqw mama aliyeharibikiwa na mimba, au aliyefiwa na mtoto mdogo, huingia metimani. Anajitenga na watu. Haingii nyumba ya mtu, haombi moto, hachoti maji pamoja na wenzake, na chakula hakitoki mkononi mwake kwenda kwa mwingine. Mwenye mimba na mwenye mtoto mchanga ndio hasa wanaomwepuka, maana kilichomkuta kinaweza kuwakuta. Padre amekataza jambo hili altareni mara ngapi? Tunaitikia amina, tunarudi nyumbani tunajitenga. Inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Na boksi lilikuwa ndani ya nyumba ile, kabatini, chini ya kufuli.

Nesi Judica alikuwa semina Babati, na kutoka semina akapitiliza kwao kwenye msiba. Nilimpigia simu. Akafoka kwamba huo ni ujinga, niende nikachukue boksi mara moja. Nikamjibu ndiyo Nesi. Kisha nikaenda mpaka kwenye ua wa Restituta nikasimama nje.

Alitoka akasimama mbali, kitambaa kichwani, amekonda. Aliniambia kabati liko wazi, Tadei amekwenda mnadani na ng'ombe, niingie mwenyewe nichukue, yeye atakaa nyuma ya nyumba mpaka niondoke. Nilimwambia siwezi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu Xavery, alikuwa na mimba ya kwanza na tunalala naye nyumba moja. Restituta hakunisihi. Aliitikia kwa kichwa, kwa sababu angekuwa mimi naye angekataa. Mtu atakayenihukumu na anihukumu. Niliogopa, basi.

Siku ya pili yake aliliburuta boksi mwenyewe mpaka njiapanda, akaliacha juu ya jiwe, akarudi ndani. Watu walipita pembeni mwa njia. Jioni alilirudisha.

Siku tisa zikapita. Yonas alianza kuharisha. Nilimwambia Natalia ampeleke hospitali, akaniuliza wale wanne atamwachia nani, na njia ile atambeba vipi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Habari zikamfikia Restituta, maana Tadei alikuwa amerudi na alisikia kilabuni. Kesho yake asubuhi alinawa mikono kwa majivu, akanawa tena kwa sabuni, akatia pakiti ishirini na nane kwenye mfuko mpya, akatoka.

Nilimwona nikiwa zahanati, jirani na kwa Natalia. Alipita katikati ya mashamba, polepole, na kila nyumba aliyoikaribia wanawake waliita watoto wao ndani. Hakuna aliyemtukana. Alipofika kwa Natalia hakuvuka ua. Aliweka mfuko chini ya minyaa, akarudi nyuma hatua kama ishirini, akaita. Sauti yake ile, kijiji kizima kilisikia: pakiti mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Yonas peke yake, na umpe maji yaliyochemshwa. Natalia alisimama mlangoni na mtoto kifuani.

"Asante sana, dada," alisema.

Restituta akarudi kwake. Mimi niliona kazi imekwisha, nikashika ufagio wangu.

Siku ya nne Yonas alikufa.

Nilikwenda kuzika. Nilipozunguka ua kutafuta jembe la pili niliuona ule mfuko kwenye minyaa, palepale ulipowekwa, fundo lake halijaguswa. Umande ulikuwa umeingia. Nilimfuata Natalia ndani. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza kwa nini, mwanangu, kwa nini hukumpa, na ulimshukuru mwenzako mbele ya watu. Hakuinua macho. Alikuwa bado ameshika shuka la mtoto.

"Mama Xavery," alisema, "wewe ungempa mjukuu wako?"

Nikatoka nje. Habari ya mimi kukataa boksi alikuwa ameshaisikia. Kuanzia siku ile naye akaingia metimani, na sasa kulikuwa na nyumba mbili ambazo watu walizipita kwa mbali. Nesi Judica alifika kesho yake asubuhi. Alitutukana sote, akaingia kwa Restituta bila hata kupiga hodi, akatoka na boksi kichwani. Kwake ilikuwa rahisi namna ile.

Jioni nilikwenda kwenye ua wa Restituta. Kijijini walishaanza kusema kwamba amempelekea mtoto wa watu kifo kwenye mfuko, na nilijua ameshasikia. Alikuja akasimama karibu kuliko siku zote. Mikono yake ilikuwa na michubuko, nadhani ya kuisugua kwa majivu.

"Alikula?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli. Mfuko nimeuona, haukufunguliwa, hakula hata pakiti moja.

Restituta alifumba macho akashusha pumzi ndefu.

"Basi si mimi niliyemuua," alisema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi pamoja naye. Nilifarijika kwa ajili yake kabisa. Tulisimama pale, yeye ndani ya ua na mimi nje, sisi ndio tuliofundisha kijiji kizima kupima mikono ya watoto, na tulikuwa tumefurahi kwamba Yonas amekufa bila kula. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Hakulia. Alianza kuhesabu kwa vidole, siku nne, asubuhi na jioni, na siku ya tano Nesi alikuwa amefika. Aliniuliza kama pakiti nane zingemfikisha siku hiyo. Nikamwambia sijui, dada, nikaenda zangu kufunga zahanati.