Kiganja cha Ngendo

Kila uliponunua mbegu za mahindi kwa Ngendo, mwenye duka la pembejeo pale Gatitu, alifungua pakiti mbele ya macho yako akajichotea kiganja kizima. "Najaribu kama zitaota," alisema. "Zikikataa nakuletea zingine."

Ati anajaribu! Munene hakuwa mtoto wa kudanganywa. Mwanamke yule alichangia kila harambee ya Gatitu, na mahindi ya kiangazi kwake hayakukosekana. Yalitoka wapi, kama si kwenye pakiti za watu? Msimu huu Munene alinunua mjini, kwa muuzaji asiyegusa pakiti.

Kisha Ngendo akafariki. Munene alijitolea kusaidia familia kuhamisha vitu vya duka, kumbe anatafuta gunia la mbegu za wizi.

Nyuma ya duka alikuta makopo ya rangi yaliyojaa udongo, kila moja na jina la mteja, miche ya mahindi ikichungulia.

"Langu halimo," alisema kwa ukali.

"Limo, Baba Wangui," alijibu Njoki, binti wa marehemu, akimwonyesha kopo la mwisho. "Mama alikuwekea, akangoja ulete zile mbegu za mjini azijaribu."

Lilikuwa na udongo mtupu, sawasawa na shamba la Munene msimu huu.