Mwonjaji wa Programu

Hakumpa mtu programu ambayo hajaionja mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya katibu muhtasi wa chuo chetu, na neno kuonja lilikuwa lake. Nyumbani alikuwa na kompyuta kuukuu yenye mfuniko uliofungwa kwa utepe wa gundi, na humo ndimo kila kitu kilipita kwanza.

Tena alionja kwa vitu vyake halisi. "Ukijaribu kwa mafaili ya uongo," alituambia, "utapata majibu ya uongo."

Kila Ijumaa wakati wa chai alitutumia kwenye simu alichookota mtandaoni wiki hiyo. Mara ni kijiprogramu cha kupunguza ukubwa wa picha, mara makala ya namna matapeli wanavyotengeneza ukurasa unaofanana na wa benki. Mara nyingine ni ugomvi wa waandishi wa programu waliokaribia kushikana mashati kwa sababu ya nafasi mwanzoni mwa mstari. Tulicheka, lakini tulijifunza. Mimi na walimu wenzangu tulikuwa tukitumia jina la chuo kama nywila mpaka alipotuketisha mmoja mmoja akatufundisha kutunza nywila kwa njia salama.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi mtu husambaza chochote kinachomfikia, kisha huita hilo ukarimu.

Mwaka ule wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamerekodi mahojiano na wazee wa familia zao kwa ajili ya utafiti. Sauti nyingi zilikuwa na mikwaruzo, na siku ya kukabidhi kazi ilikaribia. Kazi zote zilikuwa kwenye kompyuta za ofisi, zilizounganishwa pamoja. Makamu mkuu wa chuo akasikia kwamba katibu amepata programu ya bure ya kusafisha sauti, inayosifiwa kila mahali. Akaja mezani kwake.

"Dada, nasikia dawa unayo. Tuwekee leo."

"Sijaionja, mkuu."

"Wewe utaonja mpaka sufuria likauke."

"Basi tutakula kesho."

"Watoto watafeli kwa ajili ya ulimi wako huo."

"Wakifeli nitabeba lawama. Lakini mashine zao haziguswi na kitu nisichokijua."

Makamu aliondoka amenuna. Sisi wengine tuliona katibu anajivuta bure, na mwalimu wa hesabu alisema hivyo akiwa amesimama karibu na meza yake. Katibu aliendelea kupiga chapa.

Aliporudi kazini baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, alikwenda moja kwa moja kwa makamu, nami nilikuwa humo na karatasi za kusainiwa.

"Ile programu isiwekwe popote," alisema. "Ni mwizi. Imefunga kila faili, inataka ilipwe ndipo ifungue."

"Imefunga za nani?"

"Zangu."

Makamu akavua miwani. "Ulikuwa umeweka nini humo, dada?"

"Mama. Nilimrekodi kabla hajafariki, akinihadithia maisha yake. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kama za watoto, nikaona hapo ndipo pa kuonjea. Nikachomeka diski ninayohifadhia."

"Na nakala?"

"Nakala ndiyo hiyo diski."

Yule aliyetuhimiza miaka yote kuweka nakala mbali na mashine alikuwa ameichomeka yake mwenyewe. Makamu alimvutia kiti. Akamwambia chuo kitatafuta namna ya kuwalipa wale wezi.

"Hapana, mkuu. Tukiwalipa, kesho watamfungia mtu mwingine mama yake."

Wanafunzi walikabidhi kazi zao na mikwaruzo yote, na wasahihishaji wakazipokea. Hakuna kompyuta ya chuo iliyoguswa. Ijumaa hiyo alitutumia maelezo ya programu ile na namna ya kuitambua, bila neno lolote juu yake mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alimpelekea chai mezani, akasema asante. Mimi naisema hapa, kwa niaba ya chuo kizima, kwa kuwa ni watu wachache wanaojua walikingwa na nani.

Kanuni yake ilimgharimu sauti ya mama yake. Mafaili yale hayajafunguka mpaka leo.