Siku Mikono Yangu Iliponiumbua

Ninyi mnaokuja kula kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, na kuniita shefu, leo nawaambia jambo ambalo hata mwanangu wa kwanza sijamwambia, maana aibu yake ilinipitisha vichochoroni miezi mizima, na mimi si mtu wa vichochoro.

Mimi nimetokea ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mama alizaa madume matupu, ikabidi mmoja wetu akae naye jikoni, nikawa mimi (cheka tu, hoteli unayo?). Nilivuka pale Kilambo na sufuria moja, nikapika chini ya turubai miaka kumi na tisa mpaka nikajenga hoteli yenye kuta na vigae. Shule sijui, moto najua.

Siku ya kufungua, bwana afya alikuwa aje saa saba, akague, ale, asaini kibali. Asiposaini, narudi kwenye turubai. Nilikuwa nimetangaza matapa ya mama, yaani kisamvu cha kwetu chenye korosho za kutwanga. Saa tano Somoe, mpishi mwenzangu tangu enzi za turubai, akaniambia, "Mzee, korosho zilizobanguliwa hazitoshi. Nikimbie sokoni?"

Ningesema ndiyo, yangeishia hapo. Lakini nje kulikuwa na gunia la korosho ghafi, nami nikavimba kichwa. "Mmakonde mimi ninunue korosho zilizobanguliwa na wengine, siku yangu ya kufungua? Lete bati la kuchomea!"

Sasa korosho, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo unachoma mpaka ganda liungue lote, unajipaka majivu mikononi, unagonga taratibu, kokwa unaiweka mbali na maganda. Haya yote nayajua tangu sijaota meno ya pili. Ila nilitazama saa, nikaziepua bado zinachuruzika mafuta, nikazigonga bila majivu, kokwa na mafuta vikaingia kinuni pamoja, nikatwanga, nikamwaga juu ya kisamvu.

"Mzee, hizo hazijaungua vizuri. Utawababua watu midomo."

"Somoe, nimebangua korosho kabla mama yako hajaolewa. Kaoshe vyombo."

Akaenda.

Bwana afya akaja, akasifu vigae, akasifu sinki, akaweka fomu mezani na kalamu juu yake. Watu wamejaa. Akala kijiko cha kwanza, cha pili, halafu akaanza kujilamba midomo. "Pilipili ya Msumbiji kali, mzee wangu."

"Ya kwetu hiyo," nikasema (wala sikutia hata punje).

Jirani yangu Hamisi, fundi cherehani, naye anajifuta mdomo kwa leso. "Fernando, pilipili gani hii inauma mpaka nje ya mdomo?"

Nikacheka peke yangu. Meza ya pili wakaomba maji, ya tatu wakaweka vijiko chini, na mdomo wa bwana afya ukawa unaumuka kama andazi huku namtazama. Akasogeza sahani.

"Nani kapika hiki?"

Nikaiona ile kalamu, nikaliona turubai. Nikasema, "Somoe."

Somoe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja mpaka mezani akaiweka mikono yake miwili juu ya meza, safi, ina mapovu ya sabuni bado. Basi macho yote yakahamia kwangu. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, vidole gumba vimeanza kufanya malengelenge. Nikaificha ndani ya aproni.

"Itoe tu, Fernando," akasema Hamisi na mdomo wake ule. "Tumeshaiona."

Bwana afya akakunja fomu, kalamu ikarudi mfukoni. Somoe akavua aproni, akaitundika kwenye kiti changu, akatoka.

Siku ya nne nikamfuata kijijini kwao Ziwani, nikamkuta anamenya mihogo. Sijawahi kumwomba mtu msamaha, sikujua unaanzia wapi.

"Nionyeshe mikono," akasema.

Nikaitoa, ngozi inabanduka. Akaitazama mpaka nikatamani anitukane. "Leo umeitoa mwenyewe," akasema, akaenda kuchukua kanga yake.

Bwana afya alirudi baadaye, akala samaki, akasaini. Lakini mpaka leo kabla moto haujawashwa namnyooshea Somoe mikono yangu, anaikagua, ndipo naingia jikoni. Chakula kikiharibika, nasema ni mimi kabla hamjauliza. Na korosho anakwenda kununua yeye, zilizobanguliwa.