Kibiriti Upele

Juzi, mjini Chake Chake, nilimwona daktari wa mifugo akimpaka mbwa dawa ya rangi ya manjano. Harufu yake ya yai viza ilinirudisha utotoni, kijijini Vitongoji, mchana ule ami Hamadi, ndugu yake baba, alipoingia uani kwetu na panga.

Mbwa wetu, aliyefukuza nguruwe kwenye mihogo, alikuwa amenyonyoka manyoya mabaka mabaka.

“Ukoma huo!” ami alimfokea baba. “Wanangu washaanza kujikuna. Muue, au nitamuua mie!”

Baba alimsugua mbwa ncha ya sikio kwa kijiti. Mguu wa nyuma ukaanza kujikuna wenyewe.

“Upele huu. Ukoma hauwashi,” alisema, kisha akanigeukia. “Nenda dukani kalete kibiriti upele.”

Mimi nilisikia kibiriti tu. Nilikwenda nikilia, nikijua mbwa atachomwa moto. Nilipoyarudia maneno ya baba, mwenye duka akanipa unga wa rangi ya manjano, unaonuka yai viza. Baba aliuchanganya na mafuta ya nazi, akampaka mbwa kwa kipande cha kumbi la nazi huku ami akitazama.

“Umemtukuza mbwa kuliko nduguyo,” ami alisema, akatema mate, akaondoka.

Manyoya yaliota. Ami hakukanyaga tena kwetu. Hata siku ya maziko ya baba, jeneza alilisubiri barabarani.